Misitu ya Aspeni Inavyojizalisha na Kinachoikwamisha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Aspeni ni mti unaosifiwa kwa wepesi wake wa kuchipua, na bado katika sehemu kubwa ya magharibi ya Marekani misitu yake inazeeka bila warithi. Majibu yafuatayo yanaeleza jinsi mti huo unavyojirudisha, kinachoukwamisha, na jinsi watafiti wanavyopima tofauti kati ya msitu unaochipua na msitu unaokua. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha suala zima, na ndiyo inayosahauliwa mara nyingi kuliko zote.

Aspeni ni mti gani, na unaota wapi?

Aspeni inayozungumziwa hapa kwa kiasi kikubwa ni *Populus tremuloides*, mti wa jamii ya popla wenye gome jeupe au la kijani hafifu, ambao majani yake hutetemeka hata kwa upepo mdogo kwa sababu vikonyo vyake ni bapa. Unaota kuanzia Alaska na Newfoundland hadi milima ya Meksiko ya kati, na hakuna mti mwingine wa Amerika Kaskazini ulioenea juu ya eneo pana kuliko huo. Ni mti unaopenda jua na usiovumilia kivuli, na shina moja moja huishi takriban miaka 100 hadi 150.

Inawezekanaje msitu mzima kuwa mti mmoja?

Mizizi ya aspeni hutambaa kwa upana karibu na uso wa ardhi, na kutoka katika mizizi hiyo huibuka mashina mapya yenye vinasaba vilevile vya mti mama. Kundi la mashina ya asili moja huitwa kloni. Katika majira ya kupukutika majani kloni hutambulika hata kwa macho, kwa kuwa mashina yake yote hugeuka rangi ya manjano kwa wakati mmoja, huku kundi la jirani likiwa bado ni la kijani.

Kloni mashuhuri kuliko zote ni Pando, iliyopo katika Msitu wa Taifa wa Fishlake, jimboni Utah. Ilielezwa kwa mara ya kwanza na Jerry Kemperman na Burton Barnes mwaka wa 1976, na uchunguzi wa vinasaba uliofanywa baadaye ulithibitisha kwamba ni kiumbe mmoja. Pando inaenea juu ya takriban hekta 43, ina mashina yanayokadiriwa kuwa 47,000, na uzito wake unakadiriwa kufikia karibu tani 6,000. Umri wa kiumbe wa namna hii hauwezi kusomwa katika pete za shina, kwa sababu mashina hufa na kubadilishwa ilhali mizizi inaendelea kuishi.

Ni nini hasa kinachoamsha machipukizi ya mizizi?

Sehemu za juu za mti hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo husafiri kuelekea chini na kuvizuia vichipukizi vilivyolala mizizini visiamke. Ncha za mizizi nazo hutengeneza sitokinini, homoni inayochochea uchipuaji na kusafiri kuelekea juu. Shina likiwa hai na lenye afya, oksini hushinda na mizizi hutulia; shina likikatwa, likiungua au likifa ghafla, oksini hukatika, uwiano hugeuka, na vichipukizi huanza kukua. Jambo la pili ni joto la udongo: kivuli kikiondoka, jua huipasha ardhi moto na kuongeza kasi ya kuchipua. Jambo la tatu ni akiba ya wanga iliyomo mizizini, kwa kuwa chipukizi halina majani ya kujilisha hadi litokeze juu ya ardhi.

Mkulima wa Tabora au Katavi aliyewahi kufyeka pori la miombo anaijua hali inayofanana na hii, kwa kuwa visiki na mizizi aliyoiacha humrudia shambani mvua zinaponyesha. Kwa aspeni wingi huo ni mkubwa zaidi. Baada ya moto au ukataji, hekta moja inaweza kutoa makumi ya maelfu ya machipukizi, na mahali penye mizizi yenye nguvu idadi huweza kupita laki moja. Mengi huibuka katika mwaka wa kwanza na wa pili, na chipukizi lililoshiba linaweza kufikia urefu wa mita moja katika msimu mmoja wa ukuaji. Kisha huanza kupungua yenyewe kwa yenyewe, kwa kuwa machipukizi hushindania mwanga na mengi hufa ndani ya miaka michache.

Mbona haitegemei mbegu?

Mbegu zipo, na ni nyingi mno. Aspeni ina miti dume na miti jike, na mti jike mmoja uliokomaa unaweza kutawanya mbegu zinazozidi milioni moja, kila moja ikiwa ndogo sana na imebebwa na nyuzi laini kama pamba. Tatizo ni kwamba mbegu hiyo haina akiba ya chakula ya kutosha, uhai wake ni wa majuma machache tu, na inahitaji udongo ulio wazi, wenye unyevu usiokauka katika siku zake za mwanzo. Katika milima mikavu ya magharibi masharti hayo hayakutani mara kwa mara. Tena, kloni nyingi za eneo hilo, Pando ikiwa mojawapo, zina seti tatu za kromosomu badala ya mbili, hali inayodhoofisha uzazi wa mbegu.

Hata hivyo, haikuwa sahihi kusema, kama vitabu vya zamani vilivyosema, kwamba uzazi wa mbegu karibu haupo kabisa. Baada ya moto mkubwa wa mwaka wa 1988, uliopita katika zaidi ya theluthi moja ya Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, miche ya aspeni iliyotokana na mbegu ilionekana kwa wingi mahali ambapo aspeni haikuwapo hapo awali. Mbegu ndiyo njia pekee ya kupata vinasaba vipya na ya kuhamia maeneo ya juu zaidi milimani kadiri hali ya hewa inavyopata joto, na kwa hiyo watafiti wa leo huitazama kwa makini kuliko walivyofanya wale wa zamani.

Ikiwa machipukizi ni mengi kiasi hicho, kwa nini misitu mingi haina miti ya makamo?

Kwa sababu kuchipua ni jambo moja na kufika juu ni jambo jingine. Msitu wa aspeni unaweza kutoa maelfu ya machipukizi kila mwaka kwa miaka 50, na katika muda wote huo usipate hata mti mmoja mpya. Mgeni atakayetembea humo ataona majani mabichi yakimfikia magotini kila mahali na ataridhika, ilhali akiinua macho ataona vigogo vya zamani tu, baadhi vikiwa vimeanguka, na kati ya kimo cha goti na kimo cha vigogo hivyo hakuna kitu.

Kinachokosekana ni daraja la kati, yaani miti michanga iliyovuka kimo ambacho midomo ya wanyama inakifikia. Kwa kulungu kimo hicho ni karibu mita 2, na kwa elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu mwenye pembe za matawi, kinaweza kuzidi hapo kidogo, hasa theluji inapomwinua. Ng'ombe na kondoo wanaochungwa katika misitu ya umma nao hula majani ya machipukizi wakati wa kiangazi, nyasi zinapoanza kukauka. Chipukizi linalong'atwa ncha mwaka baada ya mwaka halifi mara moja. Linabaki kuwa kichaka kifupi chenye matawi ya pembeni, likila akiba ya mizizi bila kuirudishia vya kutosha. Mashina ya zamani yakiendelea kufa huku hali ikiwa hiyo, mizizi nayo husinyaa, na siku ulinzi utakapoletwa hakutakuwa na nguvu iliyobaki ya kuchipua. Ndiyo maana siafikiani na wanaosema kwamba aspeni inaweza kusubiri kwa kuwa mizizi yake haifi. Mizizi hulishwa na majani.

Aspeni haikosi kinga kabisa. Majani yake yana tanini na kemikali chungu za jamii ya salisini, na baadhi ya kloni zina kiasi kikubwa cha kemikali hizo kuliko nyingine, hivyo wanyama huzichagua zile zenye kinga ndogo. Lakini kutengeneza kemikali hizo kunagharimu chakula ambacho kingetumika kukuza shina, na chipukizi lililo kivulini haliwezi kumudu yote mawili.

Watafiti wanajuaje ni mnyama gani aliyekula, na ni lini?

Jibu limo katika chipukizi lenyewe, kwa anayejua kuangalia. Elki, kulungu na ng'ombe hawana meno ya mbele katika taya la juu, kwa hiyo hulivuta na kulichana tawi, na ncha inayobaki huwa na nyuzi zilizochanika. Sungura ana meno makali juu na chini, na hukata kwa mshazari safi kama uliopitishwa kisu. Ukishuka kutoka kwenye ncha kuelekea chini utakuta mikunjo midogo inayozunguka tawi, kila mmoja ukiwa ni alama ya mahali ambapo kichipukizi cha majira ya baridi kilifunguka. Nafasi kati ya mkunjo na mkunjo ni ukuaji wa mwaka mmoja. Mtafiti huhesabu nafasi hizo, hupima urefu wake, na huona ni mwaka gani ncha kuu iliondolewa na tawi la pembeni likalazimika kushika uongozi. Kipande cha fimbo chenye urefu wa sentimita 80 kinaweza kusimulia historia ya miaka 10.

Vigogo navyo vina ushahidi. Majira ya baridi elki hukwangua gome la aspeni, ambalo lina klorofili na ni chakula, na majeraha hayo hupona kwa kuacha magamba meusi yaliyoparara hadi kimo cha kichwa cha mnyama. Kuvu wa magonjwa ya gome hupata mlango hapo. Zaidi ya ushahidi wa mimea, watafiti huhesabu kinyesi cha kila aina ya mnyama ndani ya eneo lililopimwa, na huweka kamera zinazojipiga zenyewe mnyama apitapo.

Je, ni kweli kwamba mbwa mwitu waliiokoa aspeni ya Yellowstone?

Mbwa mwitu wa kijivu, ambao huwinda elki na si wale mbwa mwitu wa Afrika, walikuwa wametokomezwa katika hifadhi hiyo kufikia mwaka wa 1926. Watafiti William Ripple na Eric Larsen walipochukua sampuli za pete za miti, waligundua kwamba aspeni nyingi za upande wa kaskazini wa hifadhi zilizaliwa kabla ya miaka ya 1920, na baada ya hapo warithi karibu walikoma. Mwaka wa 1995 na 1996 mbwa mwitu 31 waliletwa kutoka Kanada. Kundi la elki la kaskazini, lililokuwa karibu na 19,000 katikati ya miaka ya 1990, lilishuka chini ya 5,000 baada ya mwaka wa 2010, na katika baadhi ya maeneo miti michanga ya aspeni ilianza kuvuka mita 2 kwa mara ya kwanza baada ya miongo mingi.

Hadi hapo hakuna ubishi mkubwa. Ubishi unaanza katika kusema ni kiasi gani na kwa sababu gani. Kwanza, elki hawakupunguzwa na mbwa mwitu peke yao: dubu na puma, paka mkubwa wa mwituni wa Amerika, waliongezeka, uwindaji nje ya mipaka ya hifadhi uliendelea kwa miaka kadhaa, na ukame na majira makali ya baridi vilichangia. Pili, idadi ya nyati wa Marekani imepanda, nao hula na kuvunja miti michanga. Tatu, lipo suala la namna ya kupima. Baadhi ya tafiti zilipima miti michanga mitano mirefu zaidi katika kila kichaka, kwa hoja kwamba hiyo ndiyo itakayounda msitu wa kesho. Elaine Brice, Daniel MacNulty na Larsen walilinganisha njia hiyo na sampuli ya bahati nasibu katika vichaka vilevile, na katika makala yao ya mwaka wa 2022 wakaonyesha kwamba kuchagua miti mirefu kulikuza sana picha ya kupona.

Kwa maoni yangu makala hiyo ni miongoni mwa mafunzo yenye thamani kubwa kwa mwanafunzi wa misitu, hata yule asiyetarajia kuiona Yellowstone. Haikanushi kwamba aspeni inarudi mahali fulani. Inaonyesha kwamba anayechagua cha kupima kwa sababu kinavutia macho huwa amekwisha kuamua jibu kabla ya kupima.

Moto ni adui au rafiki wa aspeni?

Kwa sehemu kubwa ni rafiki. Moto huua mashina, ambayo yana gome jembamba, lakini mizizi iliyofunikwa na udongo husalimika, isipokuwa moto ukiwa mkali mno na mizizi ikiwa karibu sana na uso. Muhimu zaidi, moto huondoa misonobari na miti mingine ya koni ambayo huota taratibu chini ya aspeni, huipita kwa kimo, na kuifunika kwa kivuli. Uzimaji wa moto uliofanywa kwa bidii katika karne ya 20 uliipa miti hiyo ya koni muda mrefu wa kutawala.

Lakini ukubwa wa eneo lililoungua una uzito. Moto ukichoma eneo dogo, wanyama wa eneo zima hukusanyika hapo kula machipukizi laini, na matokeo yake yanaweza kuwa mabaya kuliko kama moto usingewashwa. Ukichoma eneo kubwa, machipukizi huwa mengi kuliko midomo. Vigogo vilivyoanguka kwa kupishana baada ya moto husaidia pia, kwa sababu elki huepuka mahali ambapo hawezi kupita wala kukimbia kwa urahisi.

Ukame unaathiri vipi?

Mwaka wa 2002 ulikuwa na ukame mkali huko Colorado, na kuanzia mwaka wa 2004 wataalamu wa misitu waliona aspeni zikifa kwa haraka kupita kawaida. Kufikia mwaka wa 2008 vifo hivyo vilikuwa vimegusa takriban hekta 220,000, yaani karibu asilimia 17 ya misitu ya aspeni ya jimbo hilo. Walioathirika zaidi walikuwa miti ya maeneo ya chini na ya miteremko inayopigwa na jua la mchana. Maji yalipopungua udongoni, viputo vya hewa viliingia katika mishipa inayopandisha maji na kuiziba. Mti uliodhoofika namna hiyo ukawa mawindo ya mbawakawa watoboao gome na ya kuvu wa madonda ya shina.

Jambo la kuhuzunisha zaidi lilikuwa chini ya ardhi. Mtu angetarajia kwamba vifo vya mashina vingeamsha machipukizi kama moto uamshavyo, na havikufanya hivyo kwa kiasi cha kutosha, kwa kuwa mizizi nayo ilikuwa imekufa au imeishiwa akiba.

Je, uzio ni suluhisho?

Uzio ni ushahidi bora kuliko ulivyo suluhisho. Ukizungushia kipande cha msitu uzio wenye urefu wa takriban mita 2.4, na ndani yake miti michanga ikapanda ilhali nje inabaki magotini, umejua kwamba hali ya hewa na udongo havikuwa kizuizi kikuu mahali hapo. Huko Pando sehemu moja ilizungushiwa uzio mwaka wa 2013 na nyingine mwaka uliofuata. Paul Rogers na Darren McAvoy waliochunguza matokeo, waliripoti katika makala yao ya mwaka wa 2018 kwamba walikuta sehemu ya kwanza ikipata miti michanga, lakini katika ile ya pili, iliyotegemea kwa sehemu uzio wa zamani, kulungu walikuwa wakiingia, na kupona kulikuwa hafifu. Uzio ni ghali, huangushwa na miti inayoanguka, na hauwezi kuzunguka mlima mzima. Palipo na wanyama kupita kiasi, ni wanyama wenyewe wanaohitaji kusimamiwa, mifugo ikiwa ni pamoja nao.

Je, picha za setilaiti hazitoshi?

Zinafaa kuonyesha mahali aspeni ilipo na mahali inapokufa, hasa majani yanapogeuka manjano. Chipukizi la kimo cha goti lililo chini ya miti mikubwa halionekani humo, kwa hiyo mtu bado analazimika kwenda kwa miguu na kupiga magoti.

Hali ikoje nje ya Amerika?

Ulaya na Asia zina ndugu yake, *Populus tremula*. Uskoti mti huo hutoa maua kwa nadra na hutegemea mizizi, huku kondoo na kulungu wakila machipukizi. Huko Uswidi na Ufini wasimamizi wa misitu waliuondoa kwa miaka mingi kwa sababu hubeba kuvu wa kutu anayepinda misonobari michanga.

Afrika Mashariki nayo ina popla wake, *Populus ilicifolia*, unaoota kandokando ya mito ya Kenya kama Tana, Athi na Ewaso Ng'iro. Kizuizi chake ni cha namna nyingine: mbegu zake huhitaji mchanga mpya unaoachwa na mafuriko, na mabwawa yaliyojengwa upande wa juu wa Tana, Masinga likiwa limekamilika mwaka wa 1981, yamebadilisha mafuriko hayo.

Baada ya kukata au kuchoma, ni lini mtu anaweza kusema msitu umerudi?

Si mwaka wa kwanza, ambapo karibu kila mahali panapendeza. Weka ploti zako, yaani vipande vidogo vya ardhi vya kupimia, kwa bahati nasibu kabla ya kazi kuanza, hesabu machipukizi kwa madaraja ya kimo, na uandike kwa kila moja kama ncha yake kuu imeliwa. Rudi katika ploti zilezile, mwishoni mwa msimu wa ukuaji na tena baada ya majira ya baridi, kwa sababu wanaokula kiangazi na wanaokula wakati wa theluji si lazima wawe wanyama walewale. Idadi ya jumla itashuka, na kushuka huko peke yake si habari mbaya. Tazama safu ya miti iliyozidi mita 2: ikiwa bado ni tupu baada ya miaka 6 au 7 ilhali machipukizi mafupi yamejaa, tafuta anayekula.